Zile Dakar za Zamani, na Swali la Mjomba

Kila Januari simu yangu inajaa pikipiki. Mbio za Dakar zikianza kule Saudi Arabia, ni matuta ya mchanga, ni vumbi, ni jamaa wameruka juu utadhani wamesahau kushuka. Na kila Januari lazima mtu atokee aandike: "Hiyo si Dakar. Dakar ilikuwa Afrika."

Mwaka huu mtu huyo nilikuwa mimi. Nilitafuta vipande vya miaka ya themanini na tisini, nikaviunganisha vikawa video ya sekunde arobaini, nikaweka muziki wa huzuni kidogo, na juu yake nikaandika maneno mawili tu: "Zile siku." Ilienda. Kwa mtu wa saizi yangu, ilienda sana. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo walikuwa wananiambia vile wanazikumbuka.

Nikamtumia mjomba wangu kwa WhatsApp. Nilijua atafurahi, maana bila yeye nisingejua Dakar ni kitu gani. Tiki zikageuka buluu. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Ya tatu akanipigia, na hakuzunguka.

"Hiyo video yako, watu wako wapi?"

"Watu gani, Anko?"

"Ndio nakuuliza. Pikipiki nimeziona. Mchanga nimeuona. Watu wako wapi?"

Nikamwambia ni sekunde arobaini tu, siwezi kuweka kila kitu. Akasema sawa, akaniuliza mama anaendeleaje, akakata. Sijatoka kwa hiyo simu mpaka leo. Kwa hivyo hii ni ya kumjibu yeye, na pia ni ya nyinyi mliopenda ile video.

Wacha nianze na karakana.

Mjomba alikuwa fundi wa pikipiki Nakuru. Namaanisha fundi wa zile siku ambazo pikipiki haikuwa kitu cha kila kona. Leo ukisimama stendi yoyote ya Kenya unaona boda hamsini zimepangwa. Lakini kabla serikali haijapunguza kodi ya pikipiki ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000, pikipiki ilikuwa ya watu wachache: afisa wa kilimo na Yamaha AG100 yake, daktari wa mifugo, mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco, na padre. Mjomba alizijua zote kwa sauti. Alikuwa anaweza kuwa amelala chini, uso hauonekani, kisha aseme, "Huyo ni bwana mifugo, na ile eksozi bado hajaleta nichomelee," kabla pikipiki yenyewe haijatokea kwenye kona.

Padre ndiye alituletea Dakar. Alikuwa Mwitaliano, mzee wa ndevu nyingi, aliyezunguka parokia zake kwa Honda ambayo mjomba alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi hadi akasema haina siri tena. Ndugu yake padre alikuwa anarekodi mbio kutoka kwa televisheni huko kwao, anamtumia kanda za video. Padre akishaziangalia anazileta karakana. Na kwa vile hakuwahi kuziulizia tena, zikawa zetu. Zilikuwa kumi na moja. Zilikaa kwenye rafu juu ya makopo ya oili, kila moja imeandikwa mwaka kwa wino mwekundu.

Jumapili baada ya kanisa, mjomba alifungua karakana nusu mlango. Ndani kulikuwa na televisheni ndogo ya kupigwa kofi na deki iliyokuwa inakula kanda kama hukuisafisha. Sisi watoto tulikaa kwenye matairi. Watangazaji walikuwa wanaongea Kiitaliano na hakuna aliyeelewa, kwa hivyo mjomba alizima sauti akatangaza mwenyewe, vile wale watu wa redio hutangaza mpira.

"Huyo anakuja, Peta! Peta na Yamaha yake! Wenzake wako wapi? Wamebaki Agadez wanakunywa chai!"

Peta alikuwa Stéphane Peterhansel, Mfaransa aliyeshinda Dakar mara sita kwa pikipiki kati ya 1991 na 1998, zote juu ya Yamaha, kabla hajahamia magari na kuendelea kushinda huko pia. Lakini Jumapili zile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba Peta ni jamaa yetu na anapenda kumaliza kazi mapema.

Kulikuwa na mwingine tulimwita Kafupi. Huyo ni Gaston Rahier wa Ubelgiji. Alikuwa bingwa wa dunia wa motokrosi ya 125cc mara tatu mfululizo, 1975 mpaka 1977, halafu akapewa BMW kubwa ya jangwani akashinda Dakar ya 1984 na ya 1985. Pikipiki ilikuwa imemzidi kimo. Miguu yake haikuwa inafika chini vizuri, kwa hivyo kuianzisha safari ilikuwa shughuli: ni kama mtu anayedandia matatu inayotembea. Mjomba alimpenda Kafupi kuliko wote. Alisema fundi anamheshimu mtu anayepanda kitu kilichomzidi na bado anakirudisha kizima.

Kwa wale hawajui, hebu niwape stori yenyewe kwa kifupi.

Mwaka 1977 Mfaransa mmoja, Thierry Sabine, alipotea jangwani na Yamaha XT500 akiwa kwenye mbio za kutoka Abidjan hadi Nice. Aliokolewa akiwa karibu kufa. Mtu wa kawaida angerudi nyumbani akaapa hataona mchanga tena. Sabine alirudi akaanza kupanga mbio zake. Tarehe 26 Desemba 1978, vyombo 182 viliondoka Paris, pale Trocadéro, kuelekea Dakar, Senegal, safari ya karibu kilomita elfu kumi. Vilivyofika ni 74. Mwaka huo pikipiki na magari yalihesabiwa pamoja, na aliyewashinda wote, magari yakiwemo, alikuwa kijana wa pikipiki, Cyril Neveu, juu ya XT500. Hebu fikiria. Silinda moja, injini ya kupiga teke, imeacha nyuma magari ya watu wenye pesa.

Na hakukuwa na GPS. Hiyo iliingia kwenye mbio mwaka 1992. Kabla ya hapo ulikuwa na dira, karatasi ya maelekezo iliyoviringishwa kwenye kiboksi juu ya usukani, na akili zako. Karatasi inakwambia baada ya kilomita kadhaa geuka kushoto kwenye mti. Ukikosa mti, umekosa siku. Tangi la mafuta lilikuwa kubwa kama tumbo la ng'ombe. Yamaha walipoanza kuuzia watu pikipiki ya namna hiyo mwaka 1983 waliipa jina la jangwa lenyewe, Ténéré, na tangi lake lilibeba kama lita thelathini. Honda nao wakatengeneza NXR750, ikashinda miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989, na kutokana nayo wakatoa pikipiki ya kuuza waliyoiita Africa Twin. Mjomba aligusa Africa Twin mara moja maishani, ya mzungu msafiri aliyeharibikiwa akielekea kusini. Alikaa nayo siku mbili. Kazi ilikuwa ya nusu siku.

Kanda niliyoilia ni ya 1987. Hubert Auriol alikuwa anaongoza, zimebaki siku mbili tu. Auriol ni Mfaransa lakini alizaliwa hapa jirani, Addis Ababa, na wenzake walikuwa wanamwita Mwafrika. Siku hiyo alijigonga kwenye kisiki akavunjika vifundo vya miguu yote miwili. Miguu yote miwili! Na bado alipanda tena akaendesha hadi mwisho wa sehemu ile. Alipofika hakuweza kushuka. Kamera ilimkuta analia, anawaambia imekwisha. Neveu akashinda. Mimi nikiwa mtoto nilishangaa kuona mtu mzima akilia kwenye televisheni na hakuna mtu anamcheka. Mjomba, aliyekuwa anatangaza, alinyamaza kabisa. Aliwacha kanda ijiendeshe kimya mpaka picha ikabadilika. Auriol alirudi akashinda na gari 1992, mtu wa kwanza kushinda Dakar kwa vyote viwili. Alifariki Januari 2021, na siku hiyo nilimpigia mjomba kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote.

Lakini kuna sehemu moja ya kanda, hii sijawahi kuandika mahali.

Sijui tena ni kanda ya mwaka gani. Pikipiki imesimama kijijini. Mwendeshaji si mtu maarufu, ni mmoja wa wale wa mwisho, wale wasio na timu wala lori la spea, wanaofika kambini usiku na kuanza kutengeneza wenyewe wakati wakubwa wamelala. Amefungua kabureta, mchanga umeingia. Na kando yake amechuchumaa mzee mmoja wa pale, amevaa kanzu ya buluu. Mjomba alikuwa na uhakika ni Mali, sijui alijuaje. Mzee ametandika kitambaa chini, na juu ya kitambaa zimepangwa sehemu za kabureta kwa mstari: sindano, boya, skrubu ndogo ndogo, kila moja mahali pake, ili mchanga usizimeze. Anampa yule mzungu moja moja. Inachukua labda sekunde tatu, kisha kamera inaondoka kurudi kwa Peta.

Mjomba alikuwa anasimamisha kanda hapo kila mara. Alirudisha nyuma, akaiacha ijiendeshe, akarudisha tena. Kwa sababu ya kusimamishwa sana, hapo picha ilikuwa imeanza kuwa na mistari.

"Mnamwona huyu? Huyu ni fundi. Mtu ambaye si fundi hajui kutandika kitambaa."

Sisi tulikuwa tunalalamika. Tulitaka Peta.

Sasa tufike 2008.

Nilikuwa na miaka kumi. Padre alikuwa amesharudi kwao. Mjomba alikuwa amepanga jambo ambalo hajawahi kufanya: kuangalia Dakar ikiwa inaendelea, si kwa kanda ya mwaka juzi. Kulikuwa na jamaa mwenye hoteli iliyokuwa na DStv, na tangu kabla ya Krismasi walikuwa wamekubaliana kwamba kuanzia tarehe tano Januari, mbio zikitoka Lisbon, jioni mjomba apewe kiti na rimoti. Alikuwa amelipa kwa kumtengenezea pikipiki bure. Alituahidi kutupeleka mimi na binamu zangu siku ya kwanza.

Mnajua kilichofuata. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba. Matokeo yakatangazwa tarehe 30, na nchi ikawaka. Sisi tulikuwa ndani, milango imefungwa, tunalala na redio. Mama alikuwa amezuia mtu yeyote kutoka hata kununua chumvi. Na katikati ya habari zile za kutisha, jioni moja redio ikasema kwa sentensi moja au mbili kwamba mbio za Dakar zimefutwa. Ilikuwa tarehe 4 Januari, siku moja kabla zianze. Watalii wanne Wafaransa walikuwa wameuawa Mauritania mkesha wa Krismasi, na kulikuwa na vitisho dhidi ya mbio zenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu 1979, hakuna Dakar.

Mjomba alikuwa kwetu siku hiyo. Alicheka, kicheko kifupi, akasema, "Kumbe hata jangwani hakupitiki." Nakumbuka mama alimwangalia vibaya. Watu wanakufa na wewe unawaza pikipiki? Lakini mimi nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja mle ndani anayewaza kitu kingine.

Mwisho wa Januari moto ulifika Nakuru kwenyewe. Karakana ilichomwa. Sitaingia kwa undani wa nani alimfanyia nani, kwa sababu nyinyi wenyewe mna stori zenu za mwezi huo, na nyingine ni mbaya kuliko yetu. Nitasema tu kwamba baadhi ya vijana waliokuwepo mjomba aliwajua kwa majina, na mmoja alikuwa amezibiwa panchari kwa mkopo na hajalipa. Pikipiki nne za wateja ziliungua. Vifaa vyote viliungua. Kanda kumi na moja, na deki, na ile televisheni ya kofi. Mjomba alikaa wiki kadhaa kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine, halafu akaenda Nyahururu kwa rafiki yake, na hakurudi Nakuru kuishi tena.

Dakar nayo haikurudi. 2009 ilihamia Argentina na Chile. 2020 ikaenda Saudi Arabia. Jina wamelibeba, lakini Dakar yenyewe, mji wenyewe, na lile Ziwa la Waridi ambapo washindi walikuwa wanamalizia, viko palepale, mbio haziji.

Kwa hivyo mnaelewa. Ninaposema "zile siku", kichwani mwangu si Sahara tu. Ni matairi yale tuliyokalia. Ni mjomba akiwa na karakana. Kwangu vitu hivyo viwili viliisha mwezi mmoja, na nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba vilikuwa kitu kimoja, kwamba waliochoma karakana na waliofuta Dakar ni watu walewale.

Baada ya ile simu, nilipanda matatu nikaenda Nyahururu kumwona.

Ana kibanda sasa, kando ya stendi ya boda. Kazi ni nyingi kuliko zamani, pesa ni kidogo kuliko zamani, hivyo ndivyo alivyoniambia. Pikipiki za siku hizi ni za bei nafuu, vijana wanazipanda saa kumi na sita kwa siku, barabara ya vumbi, abiria watatu na gunia la viazi. Wakati nimeketi pale aliingia kijana ambaye shokamzoba yake ya nyuma ilikuwa imekatika kabisa na alikuwa ameiendesha hivyo tangu jana. Mjomba akaniangalia: "Unatafuta Dakar? Hii hapa."

Nikatoa simu, nikamwonyesha video yangu tena. Akaiangalia hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akaniambia nirudishe, akasimamisha kwa kidole pale pikipiki inapita kijijini kwa kasi. Pembeni ya picha, nusu yake imekatwa, kuna watoto wamesimama kando ya barabara. Mimi niliyetengeneza hiyo video sikuwa nimewaona.

"Unajua hawa walikuwa wanagongwa?"

Nilijua, na sikutaka kujua. Mwaka 1988 walikufa watu sita, na nusu yao hawakuwa kwenye mbio kabisa: mtoto wa kike wa miaka kumi huko Mali aliyekuwa anavuka barabara, na mama na binti yake huko Mauritania. Mwaka 2006, siku za mwishomwisho, watoto wawili waligongwa na magari ya msafara, mmoja Guinea na mwingine Senegal. Waendeshaji pia walikufa, wengi, na tunawajua. Nikisema Fabrizio Meoni, mtu wa Italia aliyeshinda 2001 na 2002 na akafa Mauritania Januari 2005, mashabiki wote wanainamisha kichwa, na anastahili. Huyo hata alikuwa ameanza kusaidia kujenga shule kule Dakar, na familia yake ikaendeleza. Lakini wale watoto, shabiki gani anakumbuka majina yao? Mimi mwenyewe nilipoandika "zile siku" niliwakata kwenye fremu.

Nikamuuliza mjomba, na nilimuuliza nikiwa na hasira kidogo: kama ulijua, mbona ulipenda? Mbona ulitufundisha kupenda? Mbio zimepita kwenye bara letu karibu miaka thelathini, mshindi wa pikipiki ni Mfaransa, Mbelgiji, Mwitaliano, Mhispania. Sisi tulikuwa mandhari. Hata Honda waliipa pikipiki yao jina letu bila kutuuliza.

Hakujibu haraka. Alikuwa anafungua shokamzoba ya yule kijana.

"Nilipenda kwa sababu ilipita kwetu," akasema. "Wewe unaona mzungu anapita kijijini. Mimi nilikuwa naona kijiji. Hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ningewahi kuona Agadez, ama watu wa Mali wanavyovaa. Padre alifikiri ananiletea pikipiki. Na kuna yule mzee."

Nikajua anasema mzee gani.

"Yule mzee ndiye niliyekuwa naangalia. Hao wengine niliwatangaza kwa ajili yenu."

Halafu akasema kitu ambacho hajawahi kusema mbele yangu kwa miaka yote hiyo. Alisema walipochoma karakana alilia juu ya vifaa, kwa sababu vifaa ni pesa. Lakini baadaye, kule uwanjani, usiku akikosa usingizi, kitu alichokuwa anajaribu kukumbuka ni ile picha. Kanzu ya buluu. Sehemu zimepangwa kwa mstari. Alikuwa anajiuliza kama sindano ilikuwa ya kwanza kutoka kulia ama ya pili. Na kila mwaka inafifia.

Mimi nilikuwa na umri wa kulalamika wakati anasimamisha kanda. Sikumbuki sindano ilikuwa wapi.

Sasa, msimamo wangu, maana najua mtaniuliza. Je, Dakar irudi Afrika? Sisi Wakenya tunajua hisia hiyo vizuri. Safari Rally ilianza 1953, ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na ilipojirudisha 2021 kule Naivasha wazee walisimama kando ya barabara machozi yakiwatoka, na vijana waliozaliwa baada ya kuondoka kwake nao wakalia kana kwamba walikuwepo. Kwa hivyo mimi si mtu wa kumkataza mtu kutamani. Nikisikia pikipiki za Dakar zinarudi Mali na Senegal nitauza kitu nikaangalie.

Ila nataka zirudi kwa namna nyingine. Zirudi wakati kijiji kinajua zinapita saa ngapi na kuna mtu wa kuwazuia watoto. Zirudi wakati kuna kijana wetu kwenye mstari wa kuanzia, na si mtu wa kupunga mkono tu. Na hilo linawezekana, sisemi ndoto. Ross Branch ni mtu wa Botswana, alizaliwa Jwaneng, na mwaka 2024 alimaliza Dakar nafasi ya pili kwa pikipiki, halafu mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa rali za namna hiyo. Mjomba anamfuata kwa simu, bando yake yote ya Januari inaishia hapo. Bado anatangaza. Vijana wa boda wanasimama nyuma yake wakichungulia skrini iliyopasuka, na anawaambia, "Huyu ni wa kwetu," na wanauliza ni wa Nyandarua? Anasema karibu na hapo.

Video yangu sijaifuta. Niliwaza kuifuta, mjomba akasema usifute, ongeza. Basi hii ndiyo nyongeza.

Na nina ombi. Kama kuna mtu, mahali popote, ana kanda ya zamani ya Dakar, ya Kiitaliano ama lugha nyingine yoyote, miaka ya themanini ama tisini, aiangalie kwa makini. Nimepekua mtandaoni miezi sasa. Nimeona Auriol akilia mara mia. Nimeona Kafupi akidandia BMW yake. Yule mzee wa kanzu ya buluu sijampata. Ni sekunde tatu tu, si ajabu watu waliozipandisha mtandaoni walizikata, kama mimi nilivyokata. Ukimwona, nitumie. Usinitumie kesho, nitumie leo, kwa sababu mjomba hazidi kuwa kijana.

Siku ile nilipoondoka alikuwa bado hajamaliza na yule wa shokamzoba. Alikuwa ameamua afungue na kabureta pia, kwa sababu alikuwa amesikia kitu. Alikuwa ametandika kipande cha pazia la zamani chini, na anaweka skrubu juu yake moja moja. Yule kijana wa boda alikuwa amesimama tu, ameshika simu, anaulizia itachukua muda gani. Mjomba akamwambia achuchumae, ashike hii.